Kanuni ya Arobaini na Moja

"Hii ya mwisho ndiyo tamu," Redio alisema, akavuta kiti hadi kwenye meza ya katalogi bila kukaribishwa. "Nikusomee, au umeshaiona?"

"Nisomee. Nina vitabu mikononi."

Redio alikuwa karani wa kaunta ya kuazima, na jina hilo alipewa na maktaba nzima kwa sababu isiyohitaji maelezo. Kila mwezi yeye ndiye aliyekusanya habari za matukio na za wafanyakazi, akampelekea mhariri wa jarida la maktaba ya chuo. Mhariri mwenyewe alikuwa mkutubi wa katalogi, mwanamke wa miaka thelathini na nane. Wenzake walimwita Fahirisi. Ukimtajia kitabu, anakuonyesha rafu kabla hujamaliza jina lake.

"Haya. Alhamisi, ufunguzi wa maonesho ya picha za kale za chuo. Jumatatu ijayo, mafunzo ya kutafuta makala mtandaoni. Wafanyakazi: mlinzi wa geti la nyuma amestaafu. Dada wa chumba cha magazeti amejifungua mapacha, wote wazima. Sasa tega sikio. 'Mwenzetu wa kitengo cha kompyuta atafunga ndoa mwisho wa mwezi huu na mkutubi wa tawi letu la kampasi ya tiba. Wote mnakaribishwa.' Seva anaoa! Yule kimyakimya! Miaka arobaini na miwili, mimi nilishamkatia tamaa."

Kitabu kimoja kilimponyoka Fahirisi kikaanguka chini. Hakukiokota.

"Nani kaileta?"

"Bibi harusi mwenyewe kaituma, na picha juu. Mbona umebadilika hivyo?"

"Vumbi."

"Vumbi gani? Umekaa nalo miaka kumi na mbili, leo ndio likuingie?"

"Redio, kaunta yako ina foleni."

Redio akaondoka akigeuka nyuma mara mbili.

Kwa miaka sita Seva, aliyepewa jina hilo kwa mitambo ya kompyuta aliyoilea, alikuwa mwanamume wa Fahirisi. Kila Jumamosi alikuwa kwake. Mswaki wake ulikuwa bafuni, viatu vyake vya ndani chini ya kitanda. Ila wakikutana kazini walisalimiana kama watu wa foleni ya benki. Seva ndiye aliyetaka iwe hivyo. Kuna kanuni ya watumishi, alimwambia tangu mwanzo, ya arobaini na moja: mume na mke hawaruhusiwi kufanya kazi idara moja, wakijulikana mmoja anahamishwa mbali. "Ngoja kwanza nipewe ukuu wa kitengo," alisema. "Nikishakaa vizuri, tutajitangaza." Fahirisi akangoja.

Alichukua simu, akampigia Seva.

"Uko wapi?"

"Chumba cha mitambo. Kuna nini?"

"Ghorofa ya tatu, kwenye rafu za sheria. Sasa hivi."

"Nimebanwa mpenzi. Jioni."

"Nina habari ya harusi yako mezani."

Hazikupita dakika tatu, Seva akatokea kati ya rafu, jasho likimtiririka puani. Upande ule hapiti mtu mpaka wiki ya mitihani.

"Nani amekupa?" aliuliza.

"Hilo ndilo swali lako la kwanza?"

"Punguza sauti."

"Unaoa?"

"Nisikilize. Baba ni mgonjwa, unajua. Mgonjwa hasa. Wazee wakanikalisha kitako, wakanichagulia. Nimeitikia ili mzee apate usingizi. Yule binti mwenyewe hata simjui vizuri."

"Humjui, na tarehe mnayo?"

"Wameipanga wao! Nitaivunja. Nipe mpaka Alhamisi tu. Siku ya maonesho ndiyo mkurugenzi anapima kama ukuu wa kitengo anipe mimi. Nikileta vurugu kabla ya hapo, nimekosa. Nikishapata, navunja kila kitu, nakuja kwenu na mjomba wangu. Naomba tu usichapishe ile habari."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Nitazame. Miaka sita, ningeweza kukutazama hivi nikakudanganya?"

Akamshika mkono, palepale kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Na Fahirisi, mtu asiyelala akikumbuka kitabu kimoja kimekaa rafu isiyo yake, akataka kumwamini. Mtu akishataka kuamini, hasumbuki tena kuuliza.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne saa nne asubuhi simu ya mezani ikalia.

"Habari za kazi dada. Naongea na mhariri wa jarida?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni yule wa tawi la tiba. Yule bibi harusi." Sauti ilicheka kwa aibu. "Samahani kukusumbua. Kumbe picha niliyotuma nimefumba macho! Nitume nyingine?"

Fahirisi alikuwa na picha hiyo mbele yake. Binti alikuwa amefumba macho kweli. Seva alikuwa amefumbua yake, na mkono wake ulikuwa kiunoni mwa binti kama mkono uliozoea kukaa hapo.

"Tuma," alisema.

"Ubarikiwe dada. Na kama nafasi itakuwepo, mniwekee sentensi moja ya kuaga. Ninaacha kazi."

"Unaacha kazi? Kwa nini?"

"Si ile kanuni ya arobaini na moja? Mume na mke. Mwenzangu hawezi kuhamishwa, mitambo yote iko kichwani kwake. Nikihamishwa mimi, tutaishi mbalimbali. Basi mmoja wetu ilibidi ajitoe. Barua ninayo hapa kwenye mkoba, kesho asubuhi naipeleka."

"Mmejuana muda gani?"

"Mwezi ujao miaka minne. Tumejificha mpaka nimechoka! Nikija huko makao makuu ananipita kama hanijui. Nilikuwa nacheka, wakati mwingine nalia."

"Si wazee waliokuchagulieni?"

"Wazee gani tena, dada? Tulikutana semina, kompyuta yangu ikagoma, akaitengeneza. Wazee wamejua mwaka huu. Baba yake alikuja kwetu, mzima kama chuma, amecheza muziki mpaka viatu vikamuuma."

Fahirisi alisema asante. Alisema hongera pia. Mdomo ulijisemea wenyewe.

Alipoweka simu akasimama, akaenda hadi rafu ya nyaraka za chuo. Kutoka mezani kwake ni hatua kumi na mbili. Kitabu cha kanuni za watumishi kilikuwepo, na kibandiko cha mgongoni alikuwa amekibandika kwa mkono wake mwenyewe. Mtu wa katalogi husoma jalada na ukurasa wa mwanzo, akatoa namba, akapita, haingii ndani. Leo akaingia. Arobaini. Arobaini na mbili. Katikati palikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo: kanuni ya arobaini na moja imefutwa. Na tarehe. Ilikuwa imefutwa miaka mitatu kabla Seva hajamwambia neno la kwanza la mapenzi.

Maprofesa walimpigia simu wakiwa safarini awatafutie mstari mmoja wa kitabu kilichochapishwa kabla hajazaliwa, na aliupata. Jambo hili lililoshika maisha yake, lililokuwa hatua kumi na mbili kutoka kwenye kiti chake, hakuwahi kulitazama. Alikaa sakafuni katikati ya rafu, kitabu mapajani, mpaka miguu ikafa ganzi.

Sasa hapa ndipo alipokosea, na yeye mwenyewe hajawahi kulikana. Alikuwa na namba ya binti. Alijua barua bado iko mkobani. Angepiga Jumanne ile, mengine yote yangekuwa madogo. Hakupiga. Alijiambia si kazi yake kubeba maneno. Alijiambia atapiga jioni. Jioni Seva akatuma ujumbe:

"Siku mbili tu zimebaki mpenzi. Ukiona kimya changu ujue napigania nyumba yetu. Nakupenda."

Aliusoma mara nne, akijua ni uongo, na bado akalala na simu chini ya mto.

Alhamisi ukumbi wa chini ulijaa. Picha za kale zilitundikwa ukutani, viti vikapangwa, mkurugenzi wa maktaba akavaa miwani yake ya wageni. Seva alikuwa mbele na kompyuta, suti mpya, ndevu zimechongwa, tayari kuonyesha picha hizohizo zilivyoingizwa mtandaoni.

Fahirisi alijifungia chumba cha katalogi. Mlango ukagongwa.

"Dada mhariri?" Aliingia msichana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, kabeba sanduku la picha za tawi lake. Akaliweka chini, akaja moja kwa moja akamkumbatia. "Nimesema siondoki bila kukuona. Umenisikiliza simuni kama dada wa tumbo moja. Nimekuletea kadi kwa mkono wangu."

Fahirisi alisimama ndani ya kumbatio hilo kama gogo.

"Funga mlango, mdogo wangu," alisema. "Ukae."

"Kuna nini?"

"Huyo mwanamume wako ni wangu pia. Miaka sita."

Binti alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. Fahirisi akampa simu. Binti akasoma. Akapandisha juu, akasoma. Akashusha chini, akasoma. Kicheko kilibaki usoni muda mrefu baada ya kufa.

"Namba ni yake," alisema taratibu. "Hata hili la 'napigania nyumba yetu'. Mimi nimelipata jana."

"Na kanuni ilishafutwa. Tazama. Miaka tisa sasa." Fahirisi akamfungulia kitabu cha kanuni.

Binti hakutazama kitabu. Alimtazama yeye.

"Jumanne nilipokupigia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua yuko na mimi. Kanuni nimeiona baada ya simu yako."

"Siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo."

"Barua nimeipeleka jana asubuhi. Mchana wakanijibu wamekubali. Nafasi yangu imeshatangazwa, dada. Ulikuwa unangoja nini?"

Fahirisi angeweza kusema lolote. Angeweza kusema alikuwa mgonjwa.

"Nilikuwa nangoja akuache wewe, aje kwangu."

Binti aliitikia kwa kichwa, mara moja. Akaichukua kadi yake mezani, akairudisha mkobani, akatoka. Fahirisi akamfuata mbio.

Ukumbini Seva alikuwa amemaliza. Makofi yalikuwa yanapungua.

"Kuna mwenye swali kwa mtaalamu wetu?" mkurugenzi aliuliza, anatabasamu.

Mkono ukanyanyuka nyuma. Redio, aliyekuwa na kipaza sauti, akampelekea haraka.

"Swali langu si la picha," binti alisema. Sauti haikutetemeka. "Mtaalamu, kanuni ya arobaini na moja ya watumishi inasema nini?"

Wageni wawili watatu wakacheka, wakidhani ni utani wa kazini. Seva aliminya kitufe bila kukusudia. Picha zilizomulikwa ukutani kutoka kompyuta zikaanza kubadilika zenyewe, moja baada ya nyingine.

"Hilo tutaongea baadaye," alisema.

"Jibu ni fupi. Uliniambia inakataza mume na mke kufanya kazi pamoja. Jana nimeacha kazi kwa ajili yake. Yule dada pale mlangoni ulimwambia hivyohivyo, amekungoja miaka sita. Sote tuko hapa. Tusomee."

Shingo zote zikageuka mlangoni. Fahirisi hakuwa na pa kujificha.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa kanuni kuliko wa kunusa hali ya hewa. "Mbona hiyo ilifutwa zamani?" alisema kwenye kipaza sauti chake. "Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kamati."

"Mkurugenzi, samahani," Seva aliingilia. "Huyu ni mchumba wangu, amechoka tu. Mambo ya maandalizi ya harusi..."

"Harusi ya nani?" binti akamuuliza.

Akamrudishia Redio kipaza sauti, kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Usidhani ardhi ilifunguka ikammeza Seva. Mkurugenzi alimwita ofisini, akamwambia mambo ya nyumbani yasiletwe ukumbini. Wiki mbili baadaye akampa ukuu wa kitengo. Mitambo yote iko kichwani kwake, wangefanyaje? Fahirisi alipeleka maelezo ofisi ya utumishi, kurasa tatu, kwamba yule binti aliacha kazi kwa kudanganywa na arudishwe. Alijibiwa kwa mstari mmoja: mtumishi aliandika barua kwa hiari yake. Mwezi ulipoanza, kwenye kaunta ya tawi la tiba alikaa mtu mwingine.

Alimpigia binti mara tano. Mara ya sita ukaja ujumbe.

"Dada, usinipigie. Sikulaumu kwa ajili yake, tulidanganywa wote. Nakulaumu kwa Jumanne."

Fahirisi hakupiga tena.

Maktabani maneno nayo yalichukua njia yake.

"Huko kaunta wanasema wewe ndiye uliyevunja harusi ya watu," Redio alimwambia siku moja, akijifanya anapanga kalamu.

"Wanasema akina nani?"

"Watu."

"Redio, watu ndio wewe."

Redio akafunga mdomo, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, na mpaka saa sita akawa ameufungua tena.

Ilipita miezi miwili. Jumapili moja alasiri Fahirisi alikuwa kwa mama yake anakunja nguo, akasikia hodi. Mama akafungua.

"Karibuni! Ingieni, ingieni jamani."

Alikuwa Seva, amevaa suti ileile ya maonesho. Nyuma yake mzee mnene mpole, anafuta kipara kwa kitambaa: mjomba wake. Mama alimjua Seva kama rafiki wa kazini wa binti yake, aliyewahi kumtengenezea simu. Seva alipomtambulisha mjomba wake, mama alielewa mara moja kuwa ni posa. Alikimbia kuweka chai, akarudi amebadilisha kitambaa cha kichwa.

"Mama," mjomba alianza, "sisi si watu wa kuzungusha maneno. Kijana wetu alipotea njia, na njia ameiona. Miaka sita wamefahamiana na binti yako, na kosa la kuficha ni la kwake. Amekuja kuomba radhi, na kuomba mke."

Mama alishika kifua. "Miaka sita?" alimuuliza binti yake, na ndani ya hasira ile furaha ilikuwa inachungulia. "Na mimi mama yako sijui?"

"Nilikosea," Seva alisema. Alikuwa anamtazama Fahirisi peke yake. "Sina cha kuficha tena. Cheo nimepata. Yule niliingia nikashindwa kutoka, lakini wa moyoni ni wewe. Unajua ni wewe. Niambie nifanye nini, nitafanya."

Kilichouma ni kwamba bado alikuwa Seva. Bado aliinamisha kichwa upande uleule akiongea, na mwili wa Fahirisi ulitaka kuinuka ukakae karibu naye, kama Jumamosi zote. Alibana mikono katikati ya magoti.

"Nina swali moja," alisema. "Yule binti angenyamaza siku ile. Ungemwoa?"

"Hayo yameshapita."

"Ungemwoa?"

"Mwanangu," mjomba alijaribu, "maji yakimwagika..."

"Mjomba, niache ajibu. Mimi namuuliza mume mtarajiwa."

Seva alishusha pumzi. Labda alichoka kudanganya. Labda alidhani ukweli utamsaidia.

"Ningemwoa," alisema. "Lakini wewe nisingekuacha. Ningekuja kwako kila Jumamosi, vilevile. Wallahi nisingekuacha."

Mjomba aliweka kikombe chini.

"Umemsikia, mjomba?"

"Nimemsikia, mwanangu."

"Basi mrudishe nyumbani. Sina mume hapo."

Mzee alisimama, akaomba radhi kwa mama mara mbili, akamshika Seva kiwiko. Seva alifika mlangoni akageuka, akafungua mdomo, mjomba akamvuta.

Mama hakuinuka.

"Una miaka thelathini na nane," alisema hatimaye.

"Najua, Mama."

"Unajua ninaulizwa nini kwenye harusi za watoto wa wenzangu? Nasema anasoma. Nasema ana kazi nyingi. Leo mtu amekuja kwa miguu yake, na mjomba wake, mchana kweupe. Umemfukuza."

"Ulisikia alichosema."

"Nilisikia. Mwanamume gani hana lake? Baba yako alinifanyia mabaya kuliko hayo, na sikutoka."

"Najua, Mama. Nilikuwepo."

Mama akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona. Alisimama kwa kujishikilia kwenye kiti.

"Osha vikombe basi," alisema, akaingia chumbani akafunga mlango.

Fahirisi alivikusanya vyote vinne. Kimoja kilikuwa kimejaa hadi juu, hakikuguswa. Alikimwaga, akafungulia bomba mpaka mwisho ili maji yapige kelele, akainama juu ya sinki akalia kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu. Alilia mpaka akachoka. Alipofunga maji ndipo akasikia sauti ukutani. Chumbani hakukuwa na bomba la kufunika kilio, na mama alikuwa analia peke yake.